Simba wa Jangwani na mjomba aliyekataa kupiga makofi

Steling hafi. Hiyo ilikuwa kanuni, na aliyebisha alionekana hajui sinema. Tanga ya mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Bara hakuna televisheni na mikanda ya video ikivushwa kutoka Mombasa au Unguja ndani ya mabegi ya nguo, ni mambo machache tuliyoyajua kwa uhakika kama hilo. Rambo haishiwi risasi. Bruce Lee akishaonja damu yake, adui aage kabisa. Amitabh peke yake ndiye aliyeruhusiwa kufa, kwenye Sholay, na hata hapo ni kwa sababu Dharmendra alibaki.

Kisha ukaja Omar Mukhtar. Jina lake la Kizungu ni Lion of the Desert, ya mwaka 1981, lakini sikumbuki kusikia mtu akiliita hivyo. Mzee wa miaka sabini hivi, mwalimu wa Kurani mwenye miwani, anawasumbua Waitaliano mashariki ya Libya kwa farasi na bunduki. Wao wanaleta vifaru, ndege na seng'enge. Kwa karibu saa tatu unakaa kwenye benchi, mgongo unauma, unasubiri mzee ashinde. Hashindi. Wanamkamata, wanamhukumu, wanamnyonga mbele ya watu wake. Kibanda kizima cha video kilikataa. Wapo waliomshika mwenye deki, wakisema mkanda umekatwa na pesa zao zirudi.

Lakini wiki iliyofuata walirudi walewale. Ule mkanda ulirudiwa mpaka chenga zikawa nyingi kuliko jangwa lenyewe. Waliokwisha kuona Risala, sinema ya enzi za Mtume ya mwongozaji huyohuyo, Moustapha Akkad, hawakuhitaji kuelezwa kitu: Hamza wa sinema ile amefufuka, sasa anapambana na Mussolini. Kwamba Hamza huyo ni Anthony Quinn, Mkristo mzaliwa wa Mexico, lilikuwa jambo la Marekani, halikutuhusu. Ustadhi wetu wa madrasa, ambaye video kwake ilikuwa mlango wa Jahanamu, kwa mkanda huu alilegeza. Akatusomesha hata ile sehemu ya ofisa kijana wa Kiitaliano aliyetekwa. Wapiganaji wanataka kumuua, kwa hoja kwamba Waitaliano nao huwaua mateka wao. Mzee anakataa, kwa kuwa Waitaliano si wa kuwafundisha wao adabu, na anamrudisha kijana kwao na bendera yake. Sisi, lakini, tulichobeba kutoka pale ni wapiganaji waliojifunga miguu ili wasiweze kurudi nyuma. Tukafungana kwa vipande vya kanga uwanjani, tukaanguka, tukachubuka magoti.

Mjomba wangu hakupiga makofi. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, na kila farasi wa Libya alipokiangusha kikosi cha Waitaliano na watoto tukaruka, yeye alitazama kama anayesubiri basi.

"Mjomba, hata hapo hupigi?"

"Hawa wametumiminia Katyusha pale Lukaya," alisema. "Nyinyi shangilieni tu."

Alikuwa amepigana vita ya Kagera, kati yetu na Uganda ya Idi Amin. Machi 1979 Gaddafi, mtawala wa Libya, alikuwa amemtumia Amin askari na vifaru, na pale Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala, wanajeshi wetu walikutana na Walibya uso kwa uso. Mwanzoni jeshi letu lilitawanyika, kisha likajipanga upya na kuwashinda. Mjomba hakusimulia zaidi ya hapo. Tukamwambia wale ni Walibya wengine, hawa ni wa zamani, wa haki. Mtu mmoja akamwomba asiharibu sinema.

Alifariki bila kujua jinsi alivyokaribia ukweli. Filamu ile, iliyogharimu dola milioni 35 hivi, ililipiwa na serikali ya Gaddafi. Mkono uliotuma maroketi Lukaya ndio uliomlipa Anthony Quinn, na ilipotoka, vita ya Kagera ilikuwa na miaka miwili tu tangu iishe. Nilipolisoma hili nikiwa mtu mzima nilicheka, halafu nikaona aibu kidogo kwa niaba ya kibanda kizima. Siyo kwamba tulidanganywa. Kambi za mateso ambamo Waitaliano waliwafungia watu wa Cyrenaica, yaani mashariki ya Libya, zilikuwapo kweli, seng'enge mpakani mwa Misri ilikuwapo, na Omar Mukhtar alinyongwa kweli Soluch, Septemba 16, 1931. Italia yenyewe iliizuia filamu hiyo mwaka 1982 kwa madai kwamba inavunja heshima ya jeshi lake. Haikuonyeshwa kwenye televisheni ya huko hadi Juni 2009, Gaddafi alipotua Roma na picha ya mzee mwenye pingu imebandikwa kifuani.

Ila picha haina mwenyewe. Omar Mukhtar alipigana upande wa Wasanusi, tarika ya Kiislamu ya huko, na kiongozi wa Wasanusi, Idris, ndiye mfalme aliyepinduliwa na Gaddafi huyohuyo mwaka 1969. Kwa hiyo 2011 watu wa Benghazi walipoinuka, waliinua bendera ya enzi ya mfalme na picha ya mzee yuleyule. Gaddafi alikuwa amewatangazia shujaa kwa miaka arobaini, nao wakamgeuzia.

Juzi nimeitazama tena na wajukuu wa mjomba. Wameizoea simu, saa tatu kwao ni kifungo. Mmoja alilalamika kwamba wanawake hawana kazi humo ila kulia na kupiga vigelegele, na ingawa Irene Papas anajitahidi, sikuwa na jibu. Mwingine alisema adui anaigiza kuliko steling. Zamani angezomewa. Sasa naona ana haki: Oliver Reed akiwa Jenerali Graziani, ameketi na mzee aliyefungwa minyororo, hana hakika kati yao nani mfungwa, ndiyo sehemu ninayoirudia. Vifaru nimevichoka. Maneno yale ya watu wawili, ambayo kibandani tulikuwa tukiyatumia kutoka nje kununua karanga, ndiyo filamu yenyewe.

Mtoto akauliza yule jenerali alipata adhabu gani. Nikamweleza kwamba baada ya Libya alihamia upande wetu wa Afrika. Akiwa mtawala wa Italia nchini Ethiopia, Februari 1937, alinusurika bomu mjini Addis Ababa, na kwa siku tatu Waitaliano wakachinja raia na kuchoma nyumba. Baada ya Vita vya Pili alihukumiwa miaka 19, mwaka 1950, kwa kushirikiana na Wajerumani wala si kwa ajili ya Libya wala Ethiopia, akatoka baada ya miezi michache na kufia kitandani 1955. Mwaka 2012 mji wa Affile, Italia, ukamjengea mnara wa kumbukumbu kwa fedha za umma.

"Kumbe Waitaliano nao wana Omar Mukhtar wao," mtoto akasema, na akaniomba simu yake.