Neno Moja, Mizigo Mingi

Kiingereza humdanganya mtu kwa maneno mafupi kuliko marefu. Neno refu humfanya aulize. Neno fupi hudhani kwamba amekwisha kulijua. Neno ninalotaka kulisema leo ni "charge".

Sisi wa Migori na Homa Bay twalisikia kila siku. Kijana hupeleka simu yake dukani ikachajiwe. Zahanatini, mwuguzi mkuu twamwita inchaji. Mtu akifikishwa mahakamani, "charge" ni shtaka analosomewa. Benki ikikukata shilingi kadha unapotoa fedha zako, hiyo nayo ni "charge", yaani ada.

Siku moja mzee jirani yetu, mkulima wa miwa, aliniletea karatasi za mkopo. Akasema, "Mwanangu, nisomee. Ila hapa nimekwisha elewa: 'charge' ni ada, nami nitailipa nikiuza miwa."

Niliusoma mstari ule mara mbili. Katika sheria ya ardhi, neno hilo si ada. Maana yake ni kuliweka shamba rehani. Mkopaji asipolipa, mwenye kukopesha aweza kuliuza baada ya kumpa taarifa. Nilipomweleza, mzee alinyamaza kitambo. Kisha akazikunja karatasi, akazitia mfukoni, akaniambia anakwenda kushauriana na mama watoto. Alifanya vema, kwa maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka boma la ndoa lisiwekwe rehani mpaka mke au mume akaaye humo naye aridhie.

Baadaye nilitafuta asili ya neno hili. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa kupakia mzigo garini. Ndipo nilipoona kuwa maana zote hizi ni ndugu wa tumbo moja. Umeme ni mzigo wa simu, wagonjwa ni mzigo wa inchaji, shtaka ni mzigo wa mshtakiwa, ada ni mzigo wa mfuko, na rehani ni mzigo wa shamba.

Basi, ndugu yangu, ukilikuta neno hili katika karatasi, usitie sahihi upesi. Uliza kwanza: mzigo huu unatwikwa nini, na nani atakayeutua? Kuuliza si ujinga.