Siku Tatu za Maziwa

Aghalabu kurasa za jarida hili huhusu fasihi na isimu, na msomaji aliyezoea kukuta humu uchambuzi wa riwaya au mjadala wa ngeli huenda akashangaa kukutana na maziwa, mzani na lahajedwali. Namwomba radhi mapema. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya tasnifu yangu, lakini kila niliposhika kalamu, jambo lililonipata katika chama kimoja cha ushirika wa maziwa, huko kwenye miteremko ya Mau, lilinisimamia mbele likanizuia njia. Basi na litoke kwanza.

Mwanafunzi wa uzamili hali tasnifu. Karo ikishalipwa, na kodi ya chumba cha Njoro ikishalipwa, hubaki swali la unga. Ndipo jirani mmoja aliponiambia kuwa ofisi ya ushirika ilikuwa ikitafuta kijana wa kuitazama tarakilishi yao siku za Jumamosi. Mimi si mtaalamu wa mitambo hiyo. Kutunga makro nilijifunza kwa kubahatisha, nikiwa mhudumu wa duka la intaneti mjini Nakuru kabla haujapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021. Lakini penye vipofu, chongo ni mfalme, nami nikaenda.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya maziwa yaliyomwagika zamani. Ndani mlikuwa na mashine kuukuu iliyonunuliwa mkononi, printa, na karani, mama wa makamo aliyekuwa ameitumikia ofisi hiyo tangu siku za madaftari makubwa yenye jalada jekundu. Aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mama. Wakulima walikuwa 312. Mara mbili kwa juma vituo vya kukusanyia maziwa vilimletea kumbukumbu zao katika flashi, naye angebonyeza kitufe kimoja, makro ikazisomba lita hizo na kuzipanga katika lahajedwali kuu, kila mkulima mstari wake, kila siku safu yake. Pembeni fomula zilikokotoa jumla ya lita, zikazidisha kwa bei, zikatoa gharama ya chakula cha ng'ombe na ya uhamilishaji, na kubakisha malipo. Mwisho wa mwezi kitufe cha pili kilichapa stakabadhi za wakulima pamoja na orodha ya benki.

Malalamiko ya mama yalikuwa juu ya skrini. Alipobonyeza kitufe cha kwanza, skrini ilianza kupepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi. Laha moja ilitokea na kutoweka, nyingine ikaruka mahali pake, mistari ikachoreka nusu, mabaka meupe yakabaki pale palipopaswa kuwa na tarakimu. Wakati mwingine dirisha zima lilififia kana kwamba limezimia. Hali hiyo iliendelea kwa dakika kumi na moja, nilizihesabu. Mama alisema inamtia kipandauso, na kwamba mwenyekiti alikuwa amekwisha kuamua kuwa ni virusi.

Nilianza, kama waanzavyo wengi, kwa kulaumu vitu vya kushikika. Nikabadilisha waya wa skrini. Nikaondoa programu inayoendesha picha na kuiweka upya. Nikaulaumu umeme wetu. Jumamosi mbili zikapita hivyo, na skrini ikaendelea kupepesa. Hatimaye nilifungua makro yenyewe na kuisoma, jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi angepaswa kulifanya kwanza: anza na matini.

Matini ile haikuandikwa na mtu, ilinaswa. Excel ina chombo kinachonakili kila tendo la mtumiaji na kuligeuza kuwa msimbo wa lugha ya Visual Basic, ambayo imo ndani ya programu hiyo tangu mwaka 1993. Chombo hicho ni mnukuzi mtiifu asiye na akili. Fundi wa awali alikuwa amefungua laha, akachagua seli, akanakili, akarudi laha nyingine, akachagua seli, akabandika. Na yote hayo yaliandikwa. Makro ilipofanya kazi ilirudia safari hiyo kwa kila mkulima, na kwa kila hatua Excel ilijichora upya kwenye skrini. Juu ya hayo, kila seli ilipoguswa, fomula zilizoitegemea zilikokotolewa tena. Skrini haikuwa mgonjwa. Ilikuwa ikionyesha kwa uaminifu kazi ya kipuuzi iliyokuwa ikifanyika nyuma yake.

Dawa njema ilikuwa kuiandika makro upya, isichague wala kuruka, iende moja kwa moja kwenye seli inayoitaka. Lakini hiyo ni kazi ya siku kadhaa, nami nilikuwa na sura ya pili ya tasnifu ya kuwasilisha. Nikachagua njia ya mkato. Juu kabisa ya makro nikaandika amri mbili. Ya kwanza, iitwayo ScreenUpdating, niliizima, ili Excel isijichore mpaka kazi iishe. Ni kama kushusha pazia jukwaani wakati vifaa vya onyesho linalofuata vikipangwa. Ya pili ilihusu ukokotoaji: niliutoa katika hali ya kujiendesha nikauweka katika hali ya kungoja amri. Mwishoni mwa makro nikairejesha kila moja mahali pake. Dakika kumi na moja zikawa sekunde arubaini, na skrini ikatulia kama maji ya mtungi. Mama alipiga makofi, akanipa lita mbili za maziwa na baraka nyingi. Nilirudi Njoro nikijiona fundi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulisikika siku ya tano ya mwezi uliofuata. Bibi mmoja mzee alifika ofisini na stakabadhi mkono huu na kijitabu chake cha kituo mkono ule, akauliza, bila kupaza sauti, "Siku tatu zangu ziko wapi?" Kijitabu chake kilikuwa na maziwa ya tarehe 29, 30 na 31. Stakabadhi haikuwa nayo. Kufikia saa sita mchana watu wengine sabini walikuwa wameuliza swali lilo hilo.

Kamati ilifungua faili katika tarakilishi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Katika faili, siku tatu zilikuwamo na jumla zote zilikuwa sahihi. Karatasi zilisema hivi, mashine ilisema vile, na tofauti baina yake ilizidi shilingi laki tatu. Tafsiri ilikuwa nyepesi mno: karani alipunguza hesabu, akachapa, kisha akairudisha ilivyokuwa ili kuficha. Kwamba pesa hizo zilikuwa bado katika akaunti ya ushirika hakukumsaidia. Walisema alikamatwa kabla ya kuzifikia. Akaambiwa akae nyumbani.

Nisingependa kujipamba hapa. Niliposikia habari hizo, nami nilimshuku. Nilikuwa na hakika na makro yangu kuliko nilivyokuwa na hakika na mama aliyenipa maziwa.

Jumapili nilikwenda kwake, nusu kwa huruma na nusu kwa udadisi, nikamwomba anisimulie alichofanya siku ile, neno kwa neno, asiruke kitu. Alisimulia vizuri. Alibonyeza kitufe cha kwanza kuingiza siku tatu za mwisho. Karibu na mwisho likatokea dirisha dogo lenye kosa nambari 13. Alifanya kama nilivyomfundisha: alibonyeza neno la kusitisha, akaitafuta seli yenye kasoro, akakuta mtu wa kituo ameandika herufi O badala ya sifuri, akairekebisha, na ile mistari minne iliyokuwa imebaki akaijaza kwa mkono. Kisha akachapa. Kisha akahifadhi faili, akafunga. "Na skrini mwalimu, ilitulia tu vizuri. Ila kulikuwa na kaneno kadogo ka Kiingereza huko chini kushoto. Sikukajali."

Nilimwomba radhi nikaondoka mbio. Usiku ule nilichukua nakala ya faili, nikaandika herufi O mahali pa sifuri, nikaendesha makro. Kosa nambari 13. Nikasitisha. Nikaongeza lita mia moja kwa mkulima mmoja, nikaitazama jumla yake. Haikutikisika. Nikahifadhi faili, na papo hapo jumla zote zikaruka juu kana kwamba zimeamshwa usingizini.

Maelezo yake ni mafupi. Makro inapokatika njiani, haifiki kwenye mistari ya mwisho, na mistari yangu ya kurejesha mambo ilikuwa huko mwishoni. Excel huifufua skrini yenyewe mara makro inapokoma; ndiyo maana mama hakuona dalili yoyote. Lakini ukokotoaji hauifufui. Hubaki ukingoja amri, hadi mtu abonyeze kitufe cha F9, au ahifadhi faili, kwani kwa kawaida programu hukokotoa kabla ya kuhifadhi. Mama alichapa kwanza, akahifadhi baadaye. Stakabadhi zilibeba jumla za tarehe 28, na dakika tano baadaye faili likajisahihisha na kumwacha peke yake na karatasi za uongo. Kale kaneno ka chini kushoto kalikuwa ka kukumbusha kwamba kuna hesabu hazijakokotolewa. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Tulizisoma darasani kama mfano wa uundaji wa istilahi, tukapata alama, tukasahau. Usiku ule nilizikumbuka kwa namna nyingine.

Mkutano wa wakulima uliitishwa siku ya Jumatano. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye istilahi nzuri, lahajedwali na ukokotoaji na msimbo, lakini niliposimama mbele ya wazee wale wenye gambuti zenye matope, wengine wakinong'onezana kwa Kikalenjin, wengine kwa Kikuyu, nikaona haifai kitu. Nikaomba niletewe mzani wa kupimia maziwa. Nikautundika, nikaufunga kwa kamba mshale usisogee, nikaninginiza ndoo yenye maziwa. Nikaongeza maziwa. Mshale ukabaki palepale. Nikawaambia hivyo ndivyo ilivyokuwa: maziwa yenu yaliingia, mzani ulikuwa umefungwa, na mama aliandika alichokiona kwenye mshale.

Kimya kilipita. Mzee mmoja wa nyuma akaondoa kofia yake. "Tumeelewa, kijana. Sasa, huo mzani ulifungwa na nani?"

Nikasema, "Na mimi, mzee."

Sitaeleza yote yaliyofuata. Siku tatu zililipwa juma lililofuata, mama alirejeshwa kazini, nami nilikatwa ujira wa miezi miwili, adhabu niliyoiona kuwa ya huruma. Safari hii niliiandika makro upya bila njia ya mkato. Haichagui seli wala hairukiruki, kwa hiyo hata pazia lisiposhushwa, skrini haipepesi sana. Iwe imemaliza salama au imekatika, hupita mlango mmoja unaorejesha ukokotoaji kabla ya kutoka. Na kabla ya kuchapa chochote, hujumlisha lita upya yenyewe na kulinganisha na jumla zilizoko kwenye laha. Zikitofautiana hata kwa nusu lita, haichapi.

Palibaki ule mstari wa chini kushoto, ambao makro inaweza kuuandikia ujumbe wowote. Niliupanga uonyeshe mkulima anayeshughulikiwa, wa ngapi kati ya 312, na nikaandaa tahadhari kwa Kiswahili ninachofundishwa: "Hitilafu ya ukokotoaji imebainika." Mama aliisoma mara mbili, akaweka miwani mezani.

"Mwalimu, hiyo nikiiona nitaendelea kuchapa tu. Andika, 'Mama, usichape, mzani umefungwa.'"

Nikaandika.