Usiku wa Kuamkia Jumatatu



Kwetu Waswahili juma huanza Jumamosi na siku huanza magharibi. Wazee wetu walihesabu hivyo: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, na ifikapo Jumatatu juma liko njiani tayari. Lakini sisi tuliotoka Mombasa, Malindi na Lamu tukaja kupanga nyumba huku Eastlands, wengine Pumwani na Shauri Moyo, wengine Buruburu na Umoja, tumeijua Jumatatu nyingine: Jumatatu ya ofisi, ya duka la watu na ya foleni ya Jogoo Road. Na kwa kuwa siku yetu huingia jua linapotua, Jumatatu hiyo hutukuta Jumapili mapema. Adhana ya magharibi ikiisha tu, imekwisha kuketi nasi sebuleni.

Tupo wanawake tisa tunaokutana kila Jumapili baada ya alasiri kwa darsa, katika nyumba ya mmoja wetu huko Majengo. Watoto wamerudi madrasa, mahamri ya asubuhi yamebaki machache kwenye kawa, chai i tayari, na kicheko hakikosekani. Kisha jua likianza kuinama mazungumzo hupungua yenyewe. Mmoja huitazama simu yake mara kwa mara. Mwingine hukumbuka kwamba sare za watoto hazijapigwa pasi. Mabega hupanda, sauti hukauka, na yule aliyekuwa akicheka saa nzima huomba ruhusa ya kuondoka kwa haraka isiyo na sababu.

Mwenzetu mmoja, karani katika duka la jumla, alikaa karibu mwaka mzima bila kula chakula cha usiku siku ya Jumapili. Akijilazimisha, chakula hakikai tumboni. Usingizi humjia saa tisa, na saa kumi na moja alfajiri imeingia. Hayo alituficha. Aliyafichua siku mwanawe wa miaka minane alipomwuliza, mbele yetu sote, kwa upole kabisa: "Mama, leo ndiyo ile siku ya hasira?"

Swali lile lilitunyamazisha. Mtoto hajui msimamizi wa duka wala mshahara. Yeye ameona tu kwamba kila siku saba mama hubadilika, akapiga hesabu yake. Wangapi miongoni mwetu wamewafundisha watoto wao kuiogopa Jumapili pasipo kutamka neno?

Kuna jambo ambalo mwenzetu huyo alikuwa ameshaambiwa na watu wa karibu naye, na linalotuudhi hadi leo. Aliambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Neno letu "wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, ule tunaojikinga nao katika Suratun-Nas. Basi watu huchukua jina la shetani wakambandika mgonjwa. Hatudharau kinga hiyo, kwani kila usiku tunaisoma na kuwapulizia watoto. Lakini Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemtumikia Mtume (S.A.W.), amesimulia kwamba alimsikia mara nyingi akiomba kinga dhidi ya hamu na huzuni. Wanavyuoni wamefasiri kwamba hamu katika dua hiyo ni mashaka ya jambo lijalo, na huzuni ni majonzi ya lililopita. Ikiwa mbora wa viumbe aliliombea jambo hili kinga, na mara nyingi, nani atamwambia mama wa watoto watatu kwamba kulihisi ni upungufu wa dini?

Tena dua ile haikomi hapo. Inaendelea kutaja unyonge na uvivu, uchoyo na woga, kisha inaishia katika uzito wa deni na kuelemewa na watu. Tumeisoma tangu utotoni, lakini hatukuwahi kuutazama mpangilio huo kwa jicho la mtu anayesubiri kukuche Jumatatu. Mashaka ya moyoni yamewekwa jirani na deni na jirani na wababe. Yaani mashaka yana anwani.

Basi Jumapili moja tuliweka kitabu kando tukaulizana, kila mmoja kwa zamu: kesho unaogopa nini hasa? Hapana aliyeitaja kazi yenyewe. Mwalimu alisema nauli, ambayo hupanda mvua ikinyesha, naye huhesabu sarafu tangu Ijumaa. Muuza mitumba wa Gikomba alisema mkopo wa simu unaomwiva kila Jumatatu, pamoja na riba inayomchoma roho kuliko fedha zenyewe. Karani wetu ndiye aliyekawia kujibu. Kumbe kila Jumatatu asubuhi msimamizi huwasomea wote upungufu wa juma lililopita, mbele ya wapagazi na wateja, kisha humkata fedha katika mshahara bila ya kumwonyesha hesabu.

Hapo mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi kwa wakili alitutoa gizani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya maandishi ya mshahara wake, ikionyesha kilichokatwa na kilikatwa kwa ajili gani. Inampa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hatukuwa tukiyajua hayo, nasi ni watu wa kusoma. Mwenzetu alinunua daftari la shilingi hamsini, akawa anaandika mauzo yake kila jioni kabla ya kufunga mtaa wake wa rafu. Juma la tatu alimwomba msimamizi taarifa ya maandishi, kwa adabu, na daftari likiwa mkononi. Alikatwa tena mara moja mwezi ule, ila safari hii kwa karatasi, na kiasi kidogo. Kusomewa mbele ya watu kungalipo. Jumapili hula wali kidogo sasa, na mumewe, Mola amjaze kheri, amejitwika pasi ya sare kila Jumamosi. (Wako wanaume watakaosoma haya. Mama yetu Aisha ameeleza kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Pasi si nzito kuliko hilo.)

Si kila wasiwasi wenye anwani. Mwenzetu mwingine hakuwa na deni wala mbabe, na hofu yake haikujali siku: Jumanne sawa na Jumapili, moyo ukimwenda mbio akiwa ameketi tu. Huyo tulimsindikiza kwa daktari. Ilituchukua muda kumshawishi, kwa sababu hapa Nairobi jina la hospitali ya Mathari limegeuzwa tusi, na kila tatizo la akili watu hulipeleka huko kwa mzaha. Sasa anakunywa dawa zake baada ya isha na nyiradi zake hazijapungua hata moja.

Likabaki la riba. Kwa hilo tulikubaliana kila mmoja atoe shilingi mia tatu kila Jumapili, zikae katika bahasha kwa mwenye nyumba, akopeshwe mwenye shida bila ya nyongeza. Shilingi elfu mbili na mia saba kwa juma si mali. Hata hivyo, baada ya majuma mawili zilitosha kumalizia mkopo wa simu wa mwenzetu wa Gikomba, akaifuta programu ile mbele yetu. Deni lake sasa liko kwetu. Hulipa shilingi mia tano kila Jumapili, kabla ya magharibi, kisha huketi akamalizia chai yake.