Profesa Muyembe na damu ya Kikwit

Wadau, sisi wa magazeti Ebola tunaikumbuka inapoua tu. Leo nataka nimtaje Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo.

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku kuchunguza homa isiyojulikana. Akatoa wagonjwa damu bila glavu. Matundu ya sindano hayakuacha kuvuja, damu ikamtapakaa mikononi, akanawa kwa sabuni na maji. Basi! Hakuambukizwa. Damu ya mtawa aliyeondoka naye kwenda Kinshasa ikapelekwa Ubelgiji, na kwa miaka mingi sifa za ugunduzi zikabaki huko Ulaya.

Kinachonivutia zaidi ni Kikwit, 1995. Yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba wakaishi. Wataalamu wa nje wakaguna: hakuna kundi la kulinganisha. Kisayansi walikuwa na hoja, sibishi. Lakini kingamwili iliyotoka kwa mtu aliyepona Kikwit ndiyo iliyozaa dawa ya Ebanga, ikajaribiwa mashariki mwa Kongo, kwa Waswahili wenzetu wa Beni na Butembo, na Marekani ikaiidhinisha Desemba 2020. Robo karne, jamani!

Mwaka 2019 akaamua sampuli zote za damu za mlipuko ule zibaki Kongo.