Amekwisha Sema, Naye ni Yule Yule



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunong'ona tu, au kwa matusi, nalo ni la mtoto wa nyumbani anayesema ya kwamba yeye huvutiwa na watu wa jinsia yake. Najua baadhi yenu mmekwisha kukunja uso. Kunjeni uso, lakini msikunje gazeti. Someni mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Hapa kwetu mazungumzo haya huanzia kwenye televisheni. Siku hizi nyumba nyingi zina dishi juu ya bati, na asiye na king'amuzi huenda kibanda umiza, au hutazama katika simu ya mwenziwe. Basi wazazi huniambia, "Mwalimu, mambo haya yameletwa na hayo masanduku. Tukiyazima yatakwisha." Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu chuoni, ingawa kazi yangu sasa ni ukarani wa parokia. Nami kwa kuwa nilifundishwa kulitazama jambo kabla ya kulisahihisha, naona yafaa tuutazame mchezo mmoja uliofanya kelele kubwa kuliko yote ya namna hii.

Mwaka 1994 shirika la televisheni la ABC huko Marekani lilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha wa kila juma. Kwanza uliitwa These Friends of Mine, baadaye ukaitwa Ellen, kwa jina la mhusika wake mkuu. Huyo Ellen alikuwa mwanamke mwenye duka la vitabu mjini Los Angeles, mwenye maneno mengi yasiyofika mwisho, na aliyemwigiza ni mchekeshaji Ellen DeGeneres. Watu wakamzoea. Kila juma waliketi naye sebuleni, wakamjua anavyocheka, anavyoona haya, na anavyojikwaa katika maneno.

Kisha, tarehe 30 Aprili 1997, mhusika huyo akasema siri yake. Alikuwa katika uwanja wa ndege, akijaribu kumwambia mwanamke aitwaye Susan ya kwamba yeye hupenda wanawake, na neno likawa linamkwama kooni. Hatimaye akainama akalitamka. Kumbe mbele yake palikuwa na kipaza sauti cha kuwaitia abiria, na uwanja mzima ukasikia. Watu wapatao milioni 42 walitazama usiku ule. Mwigizaji mwenyewe alikuwa amekwisha sema habari zake mwezi ule ule katika gazeti la Time. Kituo kimoja cha mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kilikataa kuuonyesha mchezo huo, na kampuni kadhaa zilikataa kuweka matangazo yao. Juma lililofuata mhusika aliwaambia baba na mama yake. Mwaka 1998 mchezo ukafungwa, na DeGeneres akaona siku ngumu, mpaka mwaka 2003 alipopata kipindi chake cha mazungumzo, kilichodumu hadi mwaka 2022. Wala si malaika. Mwaka 2020 wafanyakazi wa kipindi hicho walilalamika ya kuwa walitendewa vibaya kazini, naye akaomba radhi mbele ya watazamaji. Ni mtu kama watu wengine, ana mema yake na makosa yake.

Kwa nini nakusimulia hayo yote, msomaji? Kwa mambo mawili.

La kwanza ni hili, kwamba televisheni haikuitunga siri ile. DeGeneres alimwambia mama yake karibu miaka 20 kabla ya mchezo ule, alipokuwa bado kijana. Hata kwetu ni vivyo hivyo. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Lakini Kanuni ya Adhabu, ambayo Waingereza waliiweka Tanganyika mwaka 1930, ilikwisha kulitaja jambo hili na kulitoza adhabu. Je, serikali hutunga sheria ya kuzuia kitu ambacho hakipo? Basi miaka zaidi ya 60 kabla ya sanduku la kwanza kuwashwa, watu hao walikuwapo, nao walikuwa wana wa watu. Tukizima televisheni zote za Lalago usiku wa leo, kesho asubuhi watakuwa wangalipo. Tutakuwa tumezima taa tu.

La pili ndilo kubwa zaidi. Watazamaji walimjua mtu kwanza, neno wakalisikia baadaye. Laiti angalikuja mgeni asiyejulikana na kulitamka, wangalimzima mara moja. Lakini huyu walikuwa wamecheka naye miaka mitatu. Ikawabidi wajiulize, Je, yule tuliyemjua jana amekwenda wapi? Wakaona hakwenda popote. Ni yule yule, mwenye duka lile lile na haya zile zile.

Sisi Waafrika tulipaswa kulielewa hilo upesi, maana utani tunaujua. Mtani wako hukwambia mbele za watu neno ambalo ndugu yako asingethubutu kulisema, tena hata matangani, nawe hucheka kisha unafikiri. Waigizaji wetu pia hujifunga khanga na kujitanda mtandio, mwanamume akaigiza shangazi au msichana, na nchi nzima ikaanguka kwa kicheko. Hakuna ubaya, ni uigizaji. Lakini tazama jinsi tunavyomcheka mtu wa kuigiza kwa furaha, halafu akitokea mtu wa kweli, asiyeigiza kitu, anayesema tu kwa sauti ndogo jinsi alivyo, kicheko hukatika na mawe yakaokotwa.

Jirani zetu wa Kenya walipata mtihani wao mwaka 2018. Mama mmoja mtengeneza filamu, Wanuri Kahiu, alitoa filamu iitwayo Rafiki, juu ya wasichana wawili wa Nairobi waliopendana, ambao baba zao walikuwa wakishindana katika siasa. Hadithi yake ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Lakini mwezi Aprili 2018 Bodi ya Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mtengenezaji alisema bodi ilimtaka abadili mwisho, maana mwisho ule ulikuwa na matumaini. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe siku saba kwa watu wazima tu, na watu wakajaa katika majumba ya sinema, kisha marufuku ikarudi na kesi ikaendelea kwa miaka.

Mimi si hakimu wa filamu. Kinachonigusa ni neno hilo la mwisho wenye matumaini. Kana kwamba twaweza kuvumilia habari za watu hawa, mradi ziishe kwa kilio! Nikajiuliza, Sisi nasi katika nyumba zetu, twawaandalia watoto mwisho wa namna gani?

Nitakupa mfano, lakini sitataja jina wala kijiji, na mambo mengine nimeyaficha makusudi. Mzee mmoja, mkulima wa pamba, alikuja ofisini asubuhi na kadi ya familia mkononi. "Mwangaluka, mzee," nikamsalimu. Akaitikia, akakaa kitambo bila kusema. Kisha akasema, "Mwalimu, nataka unifutie jina la mwanangu wa tatu."

Nikamwuliza, "Amefariki, mzee?"

"Hajafariki. Lakini kwangu amekufa." Ndipo aliponieleza ya kwamba kijana, aliye mjini kwa kazi, alimpigia simu mama yake na kumwambia habari zake, na mama alipokosa usingizi siku tatu ikambidi amwambie mumewe.

Sikumhubiria, maana mahubiri si kazi ya karani. Nilitoa kitabu cha ubatizo, nikamfunulia ukurasa wa mwanawe. Pale pana tarehe ya kuzaliwa, majina ya baba na mama, jina la msimamizi na jina la aliyebatiza. Pembeni pana nafasi ya kuandika mambo yajayo ya mtu huyo, kama kipaimara na ndoa. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi naruhusiwa kuongeza pembeni. Kufuta siruhusiwi, hata Padre haruhusiwi. Na nafasi ya kuandika kwamba baba yake amemkataa haimo." Akautazama ukurasa ule muda mrefu. Akaniuliza jina lake mwenyewe liko mstari gani, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Basi liache kama lilivyo," akachukua baiskeli yake akaenda.

Msomaji, usidhani mambo yalikwisha kwa kukumbatiana. Wakati wa palizi kijana alituma fedha kwa simu za kulipa vibarua, na baba akazipokea. Fedha imepokewa, lakini sauti bado. Mama ndiye azungumzaye naye, akiwa shambani. Nasema hivi ili ujue ya kwamba njia hii ni ndefu, nayo huenda hatua kwa hatua.

Sisi Wasukuma twajua kutengwa ni nini. Sungusungu walipoanza katika miaka ya 1980 kupigana na wezi wa ng'ombe, adhabu iliyoogopwa sana haikuwa viboko. Ilikuwa kutengwa, watu wasikusalimu, wasikusaidie shambani, wala wasije msibani kwako. Mtu mzima mwenye nguvu hulia kwa adhabu hiyo. Sasa fikiri kumpa adhabu hiyo mtoto wa miaka 16, ambaye hakuiba ng'ombe wa mtu, ila amekuambia wewe mzazi wake jambo ambalo angeweza kulificha.

Wengine watauliza, Je, karani wa kanisa anataka tubadili mafundisho? La. Mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya ndoa na juu ya usafi wa moyo yanajulikana, wala si mimi wa kuyapunguza. Lakini Katekisimu ile ile, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha ya kwamba watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na wasibaguliwe isivyo haki. Marehemu Papa Fransisko aliwaambia wazazi, tarehe 26 Januari 2022, wasiwahukumu watoto wao wa namna hii bali wafuatane nao. Januari ya mwaka uliofuata akasema ya kwamba kuwa hivyo si kosa la jinai, akatenganisha dhambi na jinai. Sheria ya nchi yetu ni kali, kwa tendo lenyewe adhabu haipungui miaka 30 na yaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini hata sheria hiyo haimwamuru mzazi kumfukuza mwanawe nyumbani. Jambo hilo twajiamuru wenyewe.

Basi, mzazi, ikiwa siku moja mwanao atakuja kwako na neno hilo, nakuomba ushike haya machache.

Usimpige, wala usimfungie nje. Mtoto aliyefukuzwa hapotei hewani, hulala mahali fulani, na wanaowangojea watoto kama hao stendi usiku si watu wema.

Usimtangaze. Neno amekupa wewe, hakulipa jumuiya wala soko. Likitoka mdomoni mwako hutaweza kulirudisha, na laweza kumpeleka mahali ambapo hata wewe hukutaka afike.

Usimpeleke kwa waganga, wala usimlazimishe kuoa au kuolewa ili kufunika jambo. Kuna binti wa watu upande wa pili wa ndoa hiyo, naye ana machozi.

Wala usikae kimya kana kwamba hakusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ikiwa huna la kumwambia siku ile, mwambie, "Nimekusikia. Umekula?" Hayo yatosha kwa siku ya kwanza. Mengine mtayasema kesho, na kesho kutwa, na huenda mwaka ujao.

Tena kumbuka jinsi ulivyomjua kabla ya neno hilo. Ni yule aliyechunga mbuzi wako, aliyekuugulia malaria ukakesha naye, na ambaye kila Jumapili husahau mahali alipoweka viatu. Jambo moja umeongezewa kulijua. Yale mengine yote uliyokuwa ukiyajua bado ni kweli.

Nawatakia nyumba zenu amani, na mazungumzo marefu mezani.