Kutoka Gerezani: Tanga au Tabora?

Watu wa nje ya Dar es Salaam wasikiapo kuwa sisi ni watu wa Gerezani hucheka, wakatuuliza tulifungwa kwa kosa gani. Nasi huwajibu kuwa kosa letu ni kuzaliwa hapo, na kifungo chenyewe ni kitamu, kwani mtu aliyekizoea ni kazi kumtoa. Upande mmoja wa mtaa wetu ipo reli. Upande wa pili ipo Kariakoo, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale siku za Vita Kuu ya Kwanza. Baina ya pande hizo mbili kuna maduka ya vipuri, mafundi wa kuchomelea vyuma, kituo cha mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016, na nyumba chache za zamani zenye vyumba sita na ua, zilizosalia katika vivuli vya maghorofa. Katika nyumba moja ya namna hiyo, karibu na Kipata, mtaa ambao siku hizi waitwa Kleist Sykes, ndimo tulimozaliwa, ndimo alimofia baba yetu, na ndimo anamokaa mama yetu hata leo.

Sisi tumesomea uhasibu, na umri wetu ni miaka 27, wala hatujaoa. Baada ya kumaliza masomo tulikaa muda mrefu tukiandika hesabu za maduka ya watu pale Kariakoo, leo hapa, kesho kule, pasipo kazi ya kudumu. Kisha, kama ijavyo mvua baada ya kiangazi, zikaja barua mbili katika juma moja. Ya kwanza ilitoka Tanga, kwa watu wanaotoa mizigo bandarini. Mshahara wake ni shilingi 650,000 kwa mwezi. Ya pili ilitoka Tabora, kwa wanunuzi wa asali na nta. Mshahara wake ni shilingi 800,000. Wote wawili walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Tulidhani mama atatwambia, "Nenda Tanga, ni karibu." Lakini alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, usichague mji kwa ajili yangu. Mimi nina Gerezani nzima. Nikipiga chafya chumbani, jirani huniitikia uani. Wewe huko uendako, ukiugua usiku, nani atajua?" Maneno hayo yalitupata barabara, kwa kuwa hatukuwa tumeyafikiri hata kidogo. Sisi tulikuwa tukihesabu mishahara.

Basi tukaazimia kwenda kuitazama miji yote miwili kwa macho yetu, siku 3 kila mmoja, ndipo tujibu.

Tulianza na Tanga. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita 350 kwa basi, na ukishapita Segera na Muheza waanza kuona minazi na michungwa, na moyo wa mtu wa pwani hutulia. Tanga ni mji uliotangulia kwa mengi. Reli ya kwanza katika nchi yetu ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, na siku za mkonge mji ulijaa watu na fedha. Marehemu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji huo, mwaka 1909, akafa mjini Tanga mwaka 1962. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, walakini haukuacha utaratibu wake wa zamani: mitaa ya Ngamiani yapita mistari iliyonyooka, na barabara zake zajulikana kwa namba, hata mgeni hapotei. Watu wazima huenda sokoni kwa baiskeli bila haya. Na huko Chongoleani ndiko litakakoishia bomba la mafuta kutoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443; kwa sababu hiyo vijana wengi wanaitazama Tanga kwa matumaini.

Tulifikia kwa shangazi yetu. Loo, ukarimu wa shangazi! Chumba kilikuwa tayari, na samaki, na mkate wa kumimina. Akasema, "Mwanangu, kodi ya nini, na nyumba ipo? Na mke usihangaike, mimi nimekwisha kukutazamia." Jioni akatutembeza kwa jamaa, na kila nyumba tuliyoingia tukiisha kuamkia tuliulizwa swali moja: "Huyu mtoto wa nani?" Shangazi akataja jina la baba yetu, na nyuso zikakunjuka. Msikitini tukakaribishwa vivyo hivyo, kwa jina la baba. Hatukukosa kitu kwa siku 3, ila hatukupata nafasi hata ya kwenda peke yetu kununua sabuni.

Tabora ni safari ya namna nyingine. Tulipanda treni ya umeme mpaka Dodoma, ile iliyoanza kufika huko mwezi wa Julai mwaka 2024, kisha tukashika basi kwa njia ya Manyoni na Itigi, tukipita misitu ya miombo isiyo na mwisho. Kwa njia ya reli ya zamani, kutoka Dar es Salaam hata Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1928 tawi lake likafika Mwanza. Wazee wetu wa Gerezani walioajiriwa relini walikuwa wakiitaja Tabora kama watajavyo mtaa wa pili.

Nao ni mji wenye historia. Waarabu na Waswahili waliukalia karne ya kumi na tisa kwa ajili ya biashara, na misafara ya pembe na ya watumwa ilipita hapo. Hayo ya watumwa hatuna haki ya kuyaficha. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakati huo pakiitwa Kaze. Huko Kwihara ipo nyumba waliyokaa Livingstone na Stanley. Katika shule ya Tabora alisoma Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1937 hata 1942. Tena Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya biashara mpaka pwani, na kwetu Kariakoo upo Mtaa wa Nyamwezi. Mji wenyewe uko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali na hewa kavu, na miembe imejipanga njiani kama walinzi.

Lakini hapakuwa na shangazi. Tulikodi chumba katika nyumba ya wageni, na usiku wa kwanza, baada ya Isha, tulikaa kitandani tukisikiliza mbwa. Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo barua za kazi haziandiki: kazi huchukua mchana, na mtu asiye na mke wala jamaa ana saa 5 za jioni, kila siku, za kuzijaza. Wengi wameangamia katika saa hizo, wala si kwa uovu wa asili, bali kwa upweke tu.

Siku ya pili tukatafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba mmoja alitutazama, akauliza, "Una mke?" Tukasema hatuna. Akasema, "Basi sina chumba." Mwanzoni tulikasirika; kisha tukawaza, mtu huyu ana mabinti na wapangaji wenye mabinti, naye hatujui. Kosa lake ni kutufungia mlango kabla ya kuuliza sisi ni watu gani. Lakini hofu yake haikuzuka bure, imeletwa na vijana waliotutangulia.

Jioni hiyo, baada ya Magharibi, mzee mmoja aliyeswali kando yetu akatusalimu. Tulipomwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Kijana, jana ulikuwapo, leo alfajiri hukuwapo. U mzima?" Tulikiri kuwa tulilala. Akacheka. Hakuuliza sisi ni watoto wa nani, aliuliza, "Wajua kazi gani?" Tulipotaja hesabu, akainuka, akaleta daftari la michango ya madrasa, limeandikwa kwa mikono ya watu 4 na kila mmoja kwa namna yake, fedha iliyoandikwa na fedha iliyomo kisandukuni hazikuwa sawa, na watu walikuwa wameanza kutazamana vibaya. Tulikaa nalo kwa muda wa saa 2. Haikuwa wizi, ada za miezi 2 ziliandikwa mara mbili. Tulipoonyesha pale kosa lilipo, wazee wawili waliokuwa hawasemezani tangu mwezi wa Rajabu wakapeana mikono mbele yetu.

Asubuhi yake mzee yule alifuatana nasi hata kwa mwenye nyumba aliyetukataa. Hakutusifu. Alisema tu, "Huyu akikosea, njoo kwangu." Tukapewa chumba kwa shilingi 60,000 kwa mwezi.

Tuliporudi Gerezani tuliziweka hesabu mbele ya mama. Tabora yazidi kwa shilingi 150,000. Toa kodi ya chumba. Toa chakula, ambacho kwa shangazi tungekula pasipo kulipa. Toa akiba ya nauli ya kuja kumwona mama, nayo ni ndefu: hakibaki kitu. Kwa hiyo fedha, ambayo tuliidhania hakimu, ilikuwa shahidi asiye na ushahidi.

Tuliswali istikhara, sala ambayo Mtume S.A.W. aliwafundisha Masahaba zake kwa bidii kama alivyowafundisha sura za Qurani. Na katika siku hizo tukamkumbuka Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina kutoka Makka, Mtume alimfungia udugu na Saad bin Rabii, tajiri katika Ansari, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akakataa, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa samli na jibini, na haukupita muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu aliyoichuma kwa jasho lake. Twaona katika habari hii mambo mawili yaliyo pamoja: mhamiaji hakosi kuhitaji Ansari; na Ansari aliye mwema humwacha mgeni asimame kwa miguu yake.

Shangazi yetu ni Ansari mwema, Mungu amjaalie kheri. Lakini Tanga tungeishi kwa jina la marehemu baba, katika chumba cha shangazi, na kwa mke aliyechaguliwa na shangazi. Tungebaki watoto, na mtoto huyo angekuwa na ndevu. Tabora tuliulizwa twajua kazi gani. Tukamwambia mama kuwa nia yetu imeelekea Tabora. Akalia kidogo, kisha akauliza jina la yule mzee aliyetuuliza habari za alfajiri, akalirudia mara mbili ili asilisahau katika dua zake. Shangazi alikasirika kwa juma zima. Tukampigia simu kila siku, mpaka akaridhika.

Sasa ni mwezi wa nane tangu tuhame. Hatutawadanganya: ziko jioni ambazo twaitamani kelele ya Gerezani hata ile ya wachomeleaji. Mwezi wa tatu tulishikwa na homa siku 4, na mama alikuwa mbali. Lakini siku ya pili ya homa mlango uligongwa. Hatukuonekana alfajiri, na watu walikuja kutazama.

Enyi vijana mnaoitwa na kazi katika miji miwili, nasi hatudai kuwa Tabora yaipita Tanga. Mwenzetu mwingine angechagua kinyume chetu, naye akawa na haki. Aliye na mzazi mgonjwa asiye na majirani, karibu ndiko kwake. Bali twasema: kabla ya kujibu barua, nendeni mkaione miji hiyo, mkalale huko. Hesabuni mshahara baada ya kodi na nauli, si kabla. Tazameni saa za jioni mtazipitisha wapi na pamoja na nani. Swalini katika msikiti mmoja, si leo huu na kesho ule, ili kukosekana kwenu kujulikane. Na mkipata mtu wa kuwadhamini, lichungeni jina lake, maana kijana atakayekuja baada yenu atatafuta chumba katika nyumba ile ile.

Na enyi wazazi wa miji midogo, kijana mgeni akisimama safuni kwenu, muulizeni hali yake. Mama yake yuko mahali fulani, naye hawezi kumgongea mlango.