Fulana za Jubilei: Tuchape kwa Njia Gani?



Ndugu wapendwa, Kamati ya Jubilei imekuwa ikijadili jambo linaloonekana dogo: fulana za kuadhimisha miaka 25 ya parokia yetu zichapwe kwa njia gani. Tumeona vema kuwashirikisha mawazo yetu, kwani fedha inayozungumzwa ni yenu, na sehemu kubwa imekusanywa katika Jumuiya, sarafu moja moja.

Wapo waliotanguliza uzuri. Wanataka sura ya Mtakatifu Yosefu, somo wetu, ionekane kwa rangi zake zote. Wengine wametanguliza bei. Sisi twatanguliza swali jingine: nani ataivaa fulana hiyo, na kwa muda gani? Baadhi yetu wataivaa siku moja na kuikunja kabatini. Kwa wengine hiyo ndiyo nguo mpya ya mwaka. Wataivaa kanisani, kisha sokoni, na hatimaye shambani.

Tuziangalie basi njia zenyewe. Ya kwanza ni kuchapa kwa wavu. Kila rangi huwa na fremu yake, na wino husukumwa kupitia matundu ya wavu, kisha hukaushwa kwa joto. Gharama kubwa imo katika kuandaa fremu. Zikiwa tayari, kila fulana inayoongezeka hugharimu kidogo. Kwa hiyo njia hii huwafaa watu wengi wenye mchoro wa rangi chache, na wino uliokaushwa barabara hustahimili kufuliwa mara nyingi.

Ya pili hutumia rangi iliyochapwa kwenye karatasi, ambayo kwa nyuzijoto 200 hivi hugeuka mvuke na kuingia ndani ya kitambaa. Haibanduki. Lakini hushika kwenye poliesta, tena nyeupe au yenye rangi hafifu, pamba haiipokei.

Katika njia ya tatu, mchoro huchapwa kwenye plastiki nyembamba, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hugandishwa juu ya nguo kwa mashine ya joto. Hupokea rangi zote na hufaa hata kwa fulana moja. Hata hivyo, mchoro hukaa juu ya kitambaa. Joto au mkandamizo usipotosha, kingo zake huanza kubanduka. Picha kubwa kifuani pia huzuia hewa, na anayetoka jasho hulijua hilo upesi.

Ipo pia kudarizi kwa uzi, inayodumu sana, ila hufaa zaidi nembo ndogo.

Pendekezo letu ni hili: fulana 400 za waamini ziwe za pamba, zichapwe kwa wavu kwa rangi mbili, zikiwa na msumeno wa seremala na ua la yungiyungi. Kwaya ya watoto, ambao ni 30, wapate mchoro wa rangi zote kwa njia ya tatu. Twajua wapo watakaosikitika kuikosa sura ya somo wetu. Lakini fulana, ndugu zangu, mwisho wake huwa tambara la kudekia. Tusingependa uso wa mtakatifu ufike huko. Alama ya kazi yake yaweza kuchakaa pamoja na mvaaji bila kuvunjiwa heshima.

Kabla ya malipo, tumeiomba Kamati ipate fulana moja ya mfano kwa kila njia iliyopendekezwa, ifuliwe kwa mikono mara tano, ianikwe juani kama tufanyavyo nyumbani, na ipigwe pasi ikiwa imegeuzwa ndani nje. Mama aliyejinyima ili atoe mchango wake anastahili nguo iliyokwisha kujaribiwa.

Viongozi wa Jumuiya watuletee maoni yenu baada ya Misa ya pili. Twawatakia nyote Jumapili njema.